Mota za spidi mbili: maswali tunayoulizwa kila leo hapa karakana, Malindi

Haya nayaandika kwa sababu moja. Kila mwezi naletewa stata (ile sehemu ya mota isiyozunguka, yenye waya) moja au mbili ambazo zimeshakatwa waya na fundi mwengine, waya umetiwa guniani, hakuna hesabu hakuna picha, na mwenye mashini asema tu "ilikuwa na spidi mbili fundi, sasa ina moja." Mota ya spidi mbili ikishakatwa bila kuandikwa huwa imepotea nusu yake, na mwenyewe hata hajui alichopoteza. Kwa hivo ukiwa fundi, au una bekari, hoteli, au pampu ya maji ya chumvi kule Gongoni, soma hapa kwanza. Maswali nimeyapa namba manake mengine yanarudiana na sitaki kusema kitu mara mbili.

## Ya mwanzo mwanzo

1. Spidi ya mota yatoka wapi?

Yatoka kwa vitu viwili tu, hezi za umeme (mara ngapi umeme wageuka kwa sekunde) na idadi ya poli, yaani zile ncha za sumaku zinazotengenezwa na waindingi, waya uliozungushwa ndani ya stata. Chukua 120 uzidishe kwa hezi, ugawe kwa poli. Stima yetu Kenya ni hezi 50, kwa hivo poli 2 ni mizunguko 3000 kwa dakika, poli 4 ni 1500, poli 6 ni 1000, poli 8 ni 750. Hio ni spidi ya sumaku, rota yenyewe, kile kinachozunguka ndani, hubaki nyuma kidogo ndio ipate kuvutwa, ndio maana kwenye kibao cha mota ya poli 4 utaona 1440 au 1420 na sio 1500.

Hezi huwezi kuzibadilisha bila inverter, kifaa cha elektroniki cha kubadilisha hezi (swali la 16). Volti ukizipunguza mota yadhoofika tu, spidi haishuki kwa adabu. Kilichobaki ni poli, na hapo ndipo kazi ya mfungaji waya ilipo.

2. Poli zabadilikaje na waya ni ule ule?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Mhandisi wa Uswidi Robert Dahlander ndiye aliyegundua njia yake pamoja na mwenzake Lindström, 1897, na mpaka leo mota zenyewe zaitwa Dahlander.

Chukua fezi moja (njia moja kati ya tatu za umeme), igawe nusu mbili, nusu A na nusu B, alafu toa waya pale katikati zinapokutana. Fikiria ni kichochoro kirefu. Ukiingiza karenti kwa mlango wa mwisho, yapita A kisha B, zote uelekeo mmoja. Ukiingiza kwa mlango wa katikati, yagawanyika, nyingine yaenda huku na nyingine kule, kwa hivo nusu moja imegeuka uelekeo wake. Ndio siri yote hio. Zikiwa zote uelekeo mmoja, kila grupu la koili (mafungu ya waya uliozungushwa) latoa ncha ya kaskazini, na kwa vile sumaku haiwezi kutoka bila kurudi, yarudi katikati ya magrupu na kutengeneza ncha za kusini zenyewe bila koili. Magrupu 4 yamekupa poli 8. Geuza nusu moja, sasa magrupu yaenda kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, na poli ni 4. Chuma ni kile kile, waya ni ule ule.

Rota ya vyuma vilivyofungwa ncha, ile ya kawaida isiyo na brashi, haijali. Yafuata poli zozote ilizoletewa.

3. Kwani spidi yoyote yawezekana hivo?

Hapana, Dahlander ni moja kwa mbili tu: 2/4, 4/8, 6/12. Ukitaka 4/6 au 6/8 njia ya kawaida ni kutia waindingi mbili tofauti kwenye sloti (mifereji ya chuma unamolala waya) zile zile, moja juu ya nyingine, na kila moja yapumzika mwenzake akifanya kazi. Nafasi ya sloti imegawanywa, kwa hivo waya mwembamba na nguvu ndogo kwa chuma kile kile. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Rawcliffe wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, alitoa njia nyingine ya kupata uwiano kama 4/6 au 8/10 kwa waindingi moja na waya sita za kutoka. Magrupu yake hayalingani ukubwa na yaonekana kama yamefungwa na mlevi. Ukikutana nayo usiirekebishe, inakili kama ilivyo.

## Kuitambua

4. Mota yangu ina vichwa sita kwenye boksi. Ni spidi mbili au ni ya kawaida tu?

Vichwa sita peke yake havikwambii kitu manake mota ya kawaida ya sta-delta (sta ni fezi tatu kukutana kituo kimoja, delta ni kufungwa duara) pia ina sita. Toa vile vipande vya shaba vinavyounganisha, chukua mita, weka kwenye ohmu upime kichwa kwa kichwa.

Ukipata jozi tatu, kila jozi imeshikana yenyewe na haigusani na nyingine, hio ni mota ya kawaida. Ukipata matatu yameshikana na matatu mengine yameshikana, na hizo timu mbili hazigusani, hio ni spidi mbili ya waindingi mbili. Ukipata vyote sita vimeshikana, hio ni Dahlander.

Na kibao kikisomeka basi umemaliza: chaandika spidi mbili, nguvu mbili, ampea mbili. Mashini nyingi za bekari na za maseremala huku kwetu zililetwa kutoka Italia, kwa hivo usishangae kuona "giri", ndio mizunguko hio.

5. Kibao kimeliwa na kutu. Nitajuaje ndani ni delta au ni sta?

Mita hio hio yakutosha. Vichwa vya spidi ndogo tuite 1U, 1V, 1W na vya spidi kubwa 2U, 2V, 2W. Pima 1U na 1V, uandike. Pima 2U na 2V, uandike. Ikiwa zalingana, ndani ni delta, manake nusu zote sita zimefungwa duara moja na kokote unapopima waruka nusu mbili kwa upande mmoja na nne kwa mwengine. Ikiwa ya kwanza ni mara mbili ya ya pili, ndani ni sta, manake kutoka mwisho hadi mwisho wapita nusu nne, kutoka katikati hadi katikati wapita mbili.

Mota kubwa ohmu zake ni ndogo sana na mita ya kawaida itakudanganya. Tumia betri ya gari na taa ya gari kama mzigo, pitisha karenti, upime volti zinazodondoka kila sehemu. Hesabu ya mara mbili itajitokeza tu.

6. Delta na sta mbili, au sta na sta mbili, tofauti yake ni nini kwa mwenye mashini?

Kubwa sana, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu.

Delta/sta mbili (D/YY, yaani spidi ndogo ni delta, kubwa ni sta mbili sambamba) ni ya mashini ambazo mzigo wake ni mzito spidi zote mbili. Mashini ya kukandia unga ndio mfano wangu wa kila siku: spidi ndogo yachanganya unga na maji, kubwa yakanda, na ule unga mzito hauna huruma hata kwenye spidi ndogo. Huku delta yaipa kila nusu ya fezi kama volti 207 kwenye spidi ndogo na 240 kwenye kubwa, si tofauti kubwa, kwa hivo nguvu ya kuzungusha yabaki.

Sta/sta mbili (Y/YY) ni ya feni na pampu za kuzungusha. Feni ikienda nusu spidi, nguvu inayohitaji ni moja ya nane tu. Kwa hivo kila nusu yapewa volti 120 kwenye spidi ndogo, mota yakaa baridi, na bili ya stima yashuka kweli kweli. Feni ya jiko la hoteli inayofyonza moshi usiku mzima, hapa ndipo pake.

Sasa ukiifunga mota ya kukandia kwa sta, itazunguka vizuri mezani kwako, mteja atafurahi, alafu asubuhi unga wa kilo 40 uingie na mota ikae inanguruma tu haisogei. Na ukiifunga feni kwa delta itafanya kazi lakini spidi ndogo itakula karenti bure na kupata moto.

Kuna na aina ya tatu, kubwa ni delta na ndogo ni sta mbili, ya mashini za kukata chuma zinazotaka nguvu ile ile spidi zote. Huku kwetu ni nadra.

## Kufunga upya

7. Niandike nini kabla sijakata?

Idadi ya sloti. Idadi ya koili, na kama kila sloti ina pande mbili za koili au mmoja. Pichi, yaani koili yatoka sloti gani yaingia gani. Mizunguko ya waya kwa koili, na uhesabu koili tatu tofauti sio moja. Geji, yaani unene wa waya, na waya ngapi zimeenda pamoja. Koili ngapi kwa grupu. Na zaidi ya yote, maungio: grupu gani limeungwa na gani, mwisho kwa mwisho au mwanzo kwa mwisho, na waya za kutoka zatoka sloti namba ngapi.

Piga picha ule upande wa maungio kabla hujakata kamba, kisha kata kamba moja moja ukifuatilia. Kazi ya nusu saa. Mizunguko yaweza kuhesabiwa hata kutoka guniani, lakini maungio yakishakatwa hayarudi, na kwa mota hizi maungio ndio mota yenyewe.

Ukichoma waindingi ya zamani ili itoke, joto lisipite digrii 360 hivi. Stata iliyotiwa kwenye moto wa makaa na vifuu vya nazi, bati zake huungana na chuma chachemka hata bila mzigo.

8. Mbona pichi yake ni fupi hivo? Nilidhani fundi wa kwanza alikosea.

Hakukosea. Mfano wa kweli, mashini ya kukandia iliyokuja hapa: sloti 36, poli 4/8, koili 36, pichi 1 hadi 6. Ukigawa 36 kwa poli 8 ni sloti nne na nusu kwa poli moja, ukigawa kwa 4 ni tisa. Koili ina upana wa sloti 5. Yaani kwa spidi ndogo imejaa barabara, imezidi kidogo tu, kwa spidi kubwa imefika nusu ya safari.

Huwezi kuiweka 1 hadi 10 ili spidi kubwa ijae, manake kwa poli 8 koili ya upana wa sloti 9 ingekuwa inaanza kwenye ncha na kuishia kwenye ncha nyingine ya aina ile ile, volti za pande mbili zauana, hupati kitu. Kwa hivo pichi yafuata poli nyingi, na poli chache zavumilia. Hesabu yake ni hii: kwa pichi ya 5, ukijumlisha na koili 3 kwa grupu, waindingi yafanya kazi kwa 0.83 ya uwezo wake kwenye poli 8 na 0.73 kwenye poli 4. Mota ya kawaida ya poli 4 hupata kama 0.9 na zaidi. Ndio gharama ya spidi mbili, na ndio sababu bodi yake ni kubwa kuliko mota ya spidi moja yenye nguvu sawa.

Nimeshaona fundi "ameirekebisha" pichi hio kuwa 1 hadi 9. Spidi kubwa ikaenda vizuri, spidi ndogo ikawa inalia na kula karenti mpaka ikaungua.

9. Data imepotea kabisa. Naweza kuhesabu mizunguko?

Waweza. Tuchukue stata ile ile ya sloti 36, tuseme tundu lake ni milimita 110 na urefu wa chuma ni 120, D/YY, volti 415.

Eneo la ndani la tundu ni 3.14 × 0.11 × 0.12, kama mita mraba 0.0415. Kwa poli 8 kila poli ina 0.0052. Anzia spidi ndogo, manake kwa delta ndio meno ya chuma, yale yaliyo kati ya sloti, yanapojazwa sumaku zaidi. Mimi hupenda tesla (kipimo cha msongamano wa sumaku) 0.8 kileleni, wastani wake ni 0.51. Zidisha kwa eneo upate weba (kipimo cha sumaku yote ya poli) 0.00264 kwa poli. Volti za fezi toa asilimia 5 kwa zinazopotea, ibaki 394. Gawa kwa 4.44 × 50 × 0.00264 × 0.83. Nilipata mizunguko kama 809 kwa fezi, na fezi ina koili 12, basi ni 67 kwa koili.

Usiishie hapo, angalia spidi kubwa. Nusu ya fezi ni mizunguko 402, volti 240 ukitoa asilimia 3 ni 233. Sumaku ya poli yatoka kama weba 0.0036, na kwenye uwazi wa hewa kati ya stata na rota ni tesla 0.54 tu, chini kabisa. Lakini poli zikiwa chache kila moja yabeba sumaku nyingi, na nusu yake yapita mgongo wa stata nyuma ya sloti. Pima mgongo huo. Ukipata tesla 1.5 au zaidi pale, ongeza mizunguko. Kwa hivo spidi ndogo yabana meno na spidi kubwa yabana mgongo, na hesabu sharti iridhishe zote mbili.

Geji itoke kwa nafasi ya sloti baada ya hapo. Ikikataa kuingia usipunguze mizunguko, punguza waya na upunguze nguvu unayomwahidi mteja.

10. Mota yangu ya kawaida ya poli 4 naweza kuifanya spidi mbili?

Kwa 4/8 ndio, ukifunga upya kama swali la 8 na kukubali kwamba kilowati zitashuka. Kwa 2/4 kwenye bodi ya poli 4 nakukataza, mgongo wa chuma ni mwembamba na poli 2 zitaujaza mpaka mota ivute karenti kubwa bila mzigo wowote. Pia idadi ya vyuma vya rota ilichaguliwa kwa poli 4, kwa hivo kelele kidogo kwenye spidi mpya ni kawaida.

## Kuunganisha, na matatizo

11. Spidi moja yaenda mbele, nyingine yaenda kinyume. Nimekosea koili?

Hapana, koili ziko sawa. Fezi zimepishana sloti 6: moja yaanza sloti 1, nyingine 7, nyingine 13. Kwa poli 4 sloti 6 ni digrii 120, lakini kwa poli 8 sloti hizo hizo sita ni digrii 240, yaani mfuatano wa fezi umejigeuza wenyewe. Dawa ni kubadilishana waya mbili kwa spidi moja tu, kwenye kontakta, ile switchi inayovutwa na sumaku. Ukibadilisha kwenye meni switchi zitageuka zote mbili na utabaki pale pale.

Hili lilinipata mwenyewe nikiwa bado kijana wa kazi, feni ya panga ya jiko la hoteli. Nilijaribu spidi ndogo, moshi ukapanda, nikaridhika nikaondoka. Saa ya chakula cha usiku mpishi akabonyeza kubwa na moshi wote ukarudi jikoni juu ya masufuria. Tangu siku hio siondoki bila kujaribu spidi zote mbili na kipande cha karatasi mkononi. Na uangalifu zaidi kwa feni za aina ya konokono, hizo hata zikizunguka kinyume hewa yatoka upande ule ule ila dhaifu, kwa hivo karatasi haikusaidii, angalia shafti.

12. Zahitajika kontakta ngapi, na za nini?

Tatu. Ya kwanza yapeleka stima 1U, 1V, 1W kwa spidi ndogo, na 2U, 2V, 2W ziachwe wazi. Ya pili yapeleka stima 2U, 2V, 2W kwa spidi kubwa, na ya tatu yafunga 1U, 1V, 1W pamoja ziwe kituo cha sta. Mpangilio huu ni sawa kwa D/YY na Y/YY.

Ya kwanza na ya tatu zikishika pamoja ni shoti ya fezi tatu ana kwa ana. Kwa hivo zuio liwe la umeme na la chuma pia, sio moja tu, manake kontakta ya huku yashika kutu na yaweza kukwama. Na ovalodi (kinga ya karenti ikizidi) ziwe mbili, kila spidi na yake, ampea hazifanani.

13. Nikirudisha kutoka spidi kubwa kwenda ndogo, mkanda walia na mashini yaruka.

Rota bado yaenda 1440 na wewe umeiletea sumaku ya 750. Hapo mota yageuka jenereta na yajipiga breki yenyewe. Tia taima, acha sekunde kadhaa mashini ipungue kwanza. Kwa feni kubwa zaidi ya hapo.

14. Mota ya waindingi mbili, natumia moja tu lakini ile nyingine ndio yaungua. Yawezekana?

Yawezekana. Ile iliyopumzika imekaa ndani ya sumaku ya mwenzake, na ikiwa imefungwa delta au ina njia mbili sambamba, umeme waweza kujizungusha humo ndani bila wewe kuuona kwa mita ya nje. Ndio maana hufungwa sta, au delta yake huachwa wazi pembe moja na kontakta ndio inaifunga. Ukiandika data (swali la 7) angalia hili kwa makini.

## Mengineyo

15. Feni ya mezani au pangaboi la nyumbani nalo ni hivi?

Hapana. Hilo lina poli zile zile siku zote, vile vitufe vya 1, 2, 3 vyaongeza au kupunguza volti zinazofikia koili. Yafanya kazi kwa sababu panga ni mzigo laini. Ukijaribu ujanja huo kwa kikanda unga utaunguza. Mashini za kufulia za zamani kutoka Ulaya ndizo zina mbili kweli, poli 12 au 16 za kufulia na poli 2 za kukamua, waindingi mbili kwa stata moja.

16. Si bora ninunue inverter tu?

Ukihitaji spidi nyingi za katikati, ndio, nunua. Ukihitaji mbili tu na mashini iko chumba cha pampu mita mia kutoka baharini, mimi bado nachagua kontakta tatu. Hewa ya chumvi yala bodi za elektroniki, na kuipata bodi nyingine haraka ukiwa Malindi sio rahisi, Lamu ndio usiseme, yasubiri basi alafu boti. Na ukiamua inverter kwa mota ya Dahlander, iunge moja kwa moja kwenye spidi moja tu, zile kontakta za kubadilisha poli usiziache katikati ya inverter na mota zibadilishwe ikienda.

17. Nifanye nini ili isiungue tena kwa sababu ya bahari?

Kausha stata kabla ya vanishi, sio baada tu. Itie kwenye oveni, itoke ya moto, ichovye, irudi oveni, alafu ichovye mara ya pili. Mota hizi zina maungio mengi kuliko za kawaida na kila ungio ni mlango wa unyevu, kwa hivo soksi za vitambaa zinazovishwa waya zifike mpaka ndani ya sloti kidogo.

Pima na mega, mita ya kupima kama umeme wavuja kutoka waya kwenda kwa chuma, ya volti 500. Iliyofungwa vizuri yatoa zaidi ya megaohmu 100. Ikiwa chini ya 1 usiiwashe. Mota za pampu za bwawa la kuogelea zinazolala msimu mzima wageni wakiwa hawapo, ndizo zinazoungua siku ya kwanza hoteli ikifunguliwa. Nikipigiwa simu kabla huwa nasema ipime mega kwanza, na ikiwa chini, vua kifuniko cha boksi, tia taa ya joto ya wati 100 kando yake usiku kucha na kitambaa juu, upime tena asubuhi.